Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Hatukutoa Tarakimu Moja

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha na uanachama yamo katika taarifa za mhazini na katibu; kwangu ni shukrani tu. Nafasi hii nitaitumia kwa suala lililotugawa mwaka mzima: je, chama kitangaze tarakimu moja ya watu wanaojidunga dawa za kulevya katika taifa zima? Kamati ilikataa. Baadhi yenu mlikasirika, na mna haki ya kuelezwa.

Utafiti wa kaya hautufai. Anayelala nje, aliye gerezani au anayejificha hata kwa mwenzi wake hapatikani kwa kupiga hodi, na akipatikana hana sababu ya kumwambia mgeni ukweli. Kwa hiyo tunalinganisha orodha, hesabu ambayo watafiti wa samaki waliitumia kabla yetu. Tuseme kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ina watu 400, mradi wa sindano safi una 300, na 60 wamo kote kuwili. Zidisha 400 kwa 300, gawanya kwa 60, unapata 2,000, kadirio la wote wanaojidunga. Hesabu hii hudhani kuwa orodha hizo mbili hazitegemeani. Lakini mradi wa sindano ndio huohuo unaowapa watu rufaa ya kwenda kliniki! Orodha zikibaki na ukubwa uleule, ila walio kote kuwili wakawa 100, jibu linashuka hadi 1,200. Hakuna aliyeacha kujidunga. Waelimishaji rika wamechapa kazi tu. Orodha ya tatu husaidia kuupima uhusiano huo, ilimradi majina yageuzwe kuwa namba za siri kabla ya kulinganishwa. Orodha za polisi zinahitaji tahadhari zaidi, na hapo mimi sina mzaha.

Njia ya kizidishi, yaani kugawanya idadi ya waliotibiwa kwa asilimia ya wanaojidunga wanaosema walitibiwa, nayo ina mitego yake. Tuseme watu 500 wametibiwa, na katika utafiti wa maskani wanakokutana wanaojidunga asilimia 20 wanasema walitibiwa: jumla 2,500. Asilimia hiyo ikiwa 15, jumla inavuka 3,300. Na hayo ni ya mji mmoja. Kuyatandaza hadi vijijini, ambako hakuna aliyekwenda kuuliza, ni kubahatisha kwa adabu.

Hata wataalamu wa dunia hutoa kiwango cha chini na cha juu, na hurekebisha makadirio yao. Makadirio ya dunia yaliyochapishwa 2017 yalikuwa watu milioni 15.6, kati ya milioni 10.2 na 23.7. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulitaja milioni 13.2 kwa mwaka 2021, asilimia 18 juu ya kadirio lake la awali, kwa kuwa takwimu mpya zilipatikana. Magazeti mengine yaliisoma tofauti hiyo kama ongezeko la waraibu.

Wapo waliosema tarakimu yoyote ni bora kuliko kukosa. Siafiki. Shirika la Afya Duniani linalenga sindano 300 kwa kila anayejidunga kwa mwaka ifikapo 2030. Punguza idadi ya watu kwa nusu, na huduma inaonekana imeongezeka maradufu bila sindano moja kununuliwa. Kadirio dogo humfurahisha anayetoa huduma, kubwa humfurahisha anayeomba fedha.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili: kila kadirio la chama litoke na kiwango cha chini na cha juu, na watu wanaojidunga wenyewe waingie katika jopo la kuandaa maswali, kwa posho sawa na ya wataalamu. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mhazini.