Kadi ya picha mpya, gemu ya mikakati bado inajivuta: angalia prosesa kwanza

Fedha za korosho zikianza kuingia, kuanzia Novemba hivi, swali tunaloulizwa zaidi dukani kwetu hapa Mtwara mjini ni moja: "Fundi, mna kadi gani kubwa ya picha?" Anayeuliza huwa kijana wa Masasi, Tandahimba au Newala ambaye nyumbani wamemkatia fungu lake, au mtumishi aliyejibana mwaka mzima. Kadi tunazo, na tungeweza kumuuzia papo hapo. Ila akishatuambia anacheza gemu za mikakati kama Age of Empires, Civilization, Total War au Stellaris, tunamwomba kwanza atutajie prosesa yake, yaani ule ubongo wa kompyuta unaopiga hesabu. Wengi hawaijui, na hapo ndipo hela inapopotea.

Kijana mmoja alituletea kompyuta ya mezani ya mtumba, zile za ofisini. Ndani ilikuwa na Core i5-4590, prosesa ya mwaka 2014, na RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 8 kijiti kimoja. Alikuwa ameshaagiza kadi ya RTX 3060 kutoka Dar es Salaam na kutafuta pawa saplai nyingine ya kuibeba. Kwenye gemu za mpira alifurahi. Lakini kwenye Age of Empires II: Definitive Edition, akicheza na wenzake kwenye mtandao, mwanzo kila kitu kiliteleza, halafu watu wakishajaza majeshi gemu inaanza kujivuta, na lawama zote zinamwangukia yeye.

"Fundi, hii kadi ni feki?"

"Siyo feki, mdogo wangu. Haina kazi ya kufanya."

Tukafungua gemu mbele yake, tukapakia mechi aliyokuwa ameihifadhi, kisha tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. Upande wa kadi ya picha, matumizi yalikuwa chini kabisa. Upande wa prosesa, nako namba ya jumla haikufika mia. Ndiyo maana alichanganyikiwa: kadi imepumzika, prosesa inaonekana ina nafasi, na bado gemu inajivuta.

Siri iko kwenye ile namba ya jumla. Prosesa yake ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazopiga hesabu kila moja kivyake. Kazi kuu ya gemu ikikaa kwenye kiini kimoja na kukijaza chote, Task Manager itaandika asilimia 25 tu, kwa kuwa inagawanya kwa vinne. Kwenye prosesa ambayo Windows inaihesabu kuwa na njia nane za kazi (threads) itaandika kama asilimia 12. Unaweza kubofya grafu kwa kitufe cha kulia ukaomba ioneshe kila kiini peke yake, ingawa hata hapo usitegemee kuona mstari mmoja umegonga dari, kwa sababu Windows huihamishahamisha kazi kutoka kiini hadi kiini. Kipimo tunachokiamini zaidi ni kadi yenyewe. Kadi ikiwa chini sana ya asilimia 90 na fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, hazitoshi, inasubiri prosesa. Hakikisha tu hujawasha kizuizi cha fremu, maana kadi iliyofungiwa fremu 60 kwa sekunde nayo itaonekana imepumzika bila kuwa na tatizo lolote.

Kuna jaribio jingine la nyumbani lisilohitaji fundi. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, katika sehemu ileile ya mechi. Kadi ndiyo inayolemewa? Fremu zitapanda mara moja. Zikibaki palepale, ongezeko la kadi halitakusaidia chochote. Za yule kijana zilibaki palepale.

Sababu iko kwenye gemu zenyewe. Prosesa ndiyo inayoamua kila askari apite njia gani, nani anampiga nani, mkulima afuate shamba lipi, adui anayeendeshwa na kompyuta apange nini. Kadi ya picha inachora yale yaliyokwisha kuamuliwa. Kwenye harusi wapakuaji hata wawe ishirini, kama pilau bado iko jikoni watasimama tu na sahani mkononi. Hesabu hizi pia hazigawanyiki kirahisi kwenye viini vingi: huwezi kujua mpiga upinde wa pili atamlenga nani kabla hujajua kama adui yule ameshauawa na wa kwanza. StarCraft II, ya mwaka 2010, inajulikana kwa kuegemea viini viwili hivi, hata ukiipa kumi.

Kwa wanaocheza kwenye mtandao uzito unazidi. Gemu nyingi za majeshi za muda halisi, Age of Empires II ikiwemo, hazitumi mahali alipo kila askari. Zinatuma amri za wachezaji tu, kisha kila kompyuta inapiga hesabu ya vita vyote yenyewe, na zote lazima ziende sambamba. Wachezaji wanane, kila mmoja na watu 200, ni 1,600 kwenye kila mashine. Ile dhaifu kuliko zote ndiyo inayopanga mwendo wa wote. Definitive Edition ina jaribio la nguvu ya kompyuta ndani yake, na inataka upate alama 1,000 ndipo ikuruhusu kuingia kwenye mechi za viwango. Lifanye kabla ya kununua kitu chochote, ni la bure.

Civilization VI na Stellaris zina tabia yao. Humo unaweza kuwa na fremu nzuri kabisa na bado ukachoka, kwa sababu kinachokuchelewesha ni kusubiri. Kwenye Civilization unamaliza zamu yako, kisha unakaa ukitazama mataifa mengine yakifikiri. Kwenye Stellaris miaka ya mwanzo inakimbia, lakini galaksi ikishajaa watu na meli, mwezi mmoja wa gemu unavutwa kama kamba. Hapo kadi haihusiki kabisa. Civilization VI ina jaribio la aina mbili kwenye menyu yake, moja la picha na moja la akili ya wapinzani. La pili ndilo la kuangalia.

Hatusemi kadi haina maana. Total War: Warhammer III, ukiweka vikosi vikubwa na vivuli vya juu, inazila zote mbili, kadi na prosesa. Cities: Skylines II ilipotoka Oktoba 2023 ilizipiga kadi za picha kwa nguvu kweli, tofauti na ile ya kwanza ya mwaka 2015. Kwa hiyo tunauliza gemu kwa jina, na tunauliza unaichezaje.

Sasa tukuunganishie nini na nini? Mwenye Core i5-6500 ya mtumba, prosesa ya mwaka 2015, asivuke kadi ya GTX 1650. Kadi hiyo hula wati 75, na nyingi hazihitaji waya wa ziada wa umeme, kwa hiyo inaingia hata kwenye kompyuta ya ofisini yenye pawa saplai ndogo. Kwa kasha jembamba tafuta ile fupi, ya nusu kimo. Pima kwa rula kabla ya kuagiza, maana kurudisha kifaa Kariakoo kwa basi ni usumbufu na nauli.

Kwa anayejenga upya kwa hela ya kawaida, mapenzi yetu yako kwa prosesa ya Core i3-12100F pamoja na kadi ya RX 6600. Viini vinne tu, lakini kila kimoja kina kasi kuliko vya i7 nyingi za zamani ambazo watu hapa bado wanazinunua kwa sababu ya lile jina "i7". Core i7-2600 ni ya mwaka 2011. Jina halichezi gemu. Akiwa na zaidi kidogo, Core i5-12400F au Ryzen 5 5600 yenye viini sita, kwa kadi hiyohiyo au RTX 3060.

Na kwa mtu wa Stellaris anayecheza hadi mwisho wa galaksi, tunashauri kinyume cha anachotarajia: kadi ya wastani, hela iende kwenye prosesa ya Ryzen 7 5800X3D au 7800X3D. Zote mbili zina kache ya MB 96, mara tatu ya ile ya Ryzen 5 5600 yenye MB 32. Kache ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Gemu hizi zinashika taarifa za vitu maelfu kwa maelfu, na kila prosesa inapolazimika kwenda kuzichukua kwenye RAM, inasimama kusubiri. Ndiyo maana pia Ryzen 5 5500, ambayo kwa jina inaonekana ndugu wa 5600, tunaiuza kwa tahadhari: ina MB 16 tu.

Tahadhari nyingine ni zile Xeon za zamani, prosesa za seva, zinazouzwa mtandaoni na mazabodi zake (bodi kuu zinazobeba prosesa) kwa bei ya kuvutia. Viini kumi na viwili, ndiyo, lakini vya mwendo wa taratibu. Kwa kuhariri video sawa. Kwa mikakati, hapana.

Kabla ya kuagiza prosesa pekee, angalia mazabodi. Mwenye mazabodi ya AMD ya soketi AM4, mfano B450 na Ryzen 5 2600, ana bahati: mara nyingi tunasasisha BIOS, programu ya mazabodi inayowasha kompyuta, tunaweka 5600 au 5800X3D, kila kingine kinabaki. Mwenye i5-6500 asidanganywe na tundu la prosesa. Prosesa za Intel za kizazi cha nane zina tundu linalofanana kwa umbo, lakini mazabodi za kizazi cha sita hazikuundwa kuziwasha. Wapo wanaofika na prosesa mkononi wakiwa wameshalipia.

Kuna mambo mawili ya bei ndogo tunayoyafanya kabla ya kuuza chochote. La kwanza ni RAM. Kijiti kimoja cha GB 16 kinaipa prosesa njia moja. Viwili vya GB 8 vinaipa mbili, na kwenye gemu hizi tofauti inaonekana kwa macho. RAM ya kasi ya 3200 nayo kwenye mazabodi nyingi hukimbia taratibu, 2133 au 2400, mpaka mtu aingie BIOS na kuwasha XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili.

La pili ni joto letu. Kuanzia Novemba hadi Machi, chumba chenye bati bila dari si rafiki wa prosesa. Ikikaribia nyuzijoto 90 au 100, kutegemea aina, inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na gemu inaanza kujivuta baada ya dakika ishirini za kucheza vizuri. Kwa wakazi wa Shangani na Mikindani vumbi hushikana na unyevu wa bahari likaganda kwenye mapezi ya feni, halipulizwi kwa mdomo. Tunafungua, tunasafisha, tunabadilisha pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Wateja kadhaa walikuja kununua prosesa wakaondoka wamesafishiwa tu, na gemu ikarudi mwendo wake.

Yule kijana alibaki na RTX 3060 yake. Tulimbadilishia mazabodi, tukamwekea i5-12400F na vijiti viwili vya RAM, kwa sababu RAM yake ya zamani ya DDR3 haiingii huku.

Ukija kwetu, njoo na faili la mechi uliyoihifadhi, ile nzito zaidi, ya mwishomwisho, kwenye flashi. Tutaipakia kwenye kompyuta yako ukiwa umekaa hapo, tupime kadi na prosesa, kisha kama gemu yako tunayo, tuipakie kwenye mashine ya duka ili ulinganishe mwenyewe. Kupima hatulipishi. Wa Lindi, Nachingwea na Masasi ambao safari ni ndefu, tutumieni picha ya Task Manager mechi ikiwa imepamba moto, moja ya prosesa na moja ya kadi, pamoja na picha ya mazabodi kasha likiwa wazi, jina lake lisomeke. Tutakujibu kifaa gani ubadilishe, au usibadilishe.