Jiko jipya, ua tulivu na mbuzi ya nazi ya mavyaa

Ndugu Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Ngamiani jijini Tanga. Ukarabati nilioutamani kwa miaka mingi umesimama katikati, na aliyeusimamisha ni mtu ambaye hajawahi kutamka neno la kuukataa.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya aina ambayo watu wa mwambao wanaijua hata wakifumba macho: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati hadi mlango wa nyuma, vyumba vitatu kila upande, kisha ua wenye jiko la bati, bafu na choo. Mume wangu aliirithi kwa baba yake, na mama yake, yaani mavyaa wangu, anaishi nasi katika chumba cha mbele. Uani humo ndimo alimolelea watoto wake saba, na kila alasiri wanawake wa mtaani walikuwa wakiingia kwa mlango wa nyuma, wakitandika mkeka chini ya mti wa mkungu, wakichambua mchicha na kukuna nazi huku habari za mji mzima zikipita mbele yao.

Mimi nilikuwa nimechoka na masizi. Ua wetu unatazama kusini, hivyo kusi inapoanza kuvuma moshi wote wa mkaa huingia mlango wa nyuma, ukafuata ukumbi hadi barazani, na pazia nililolifua Ijumaa huwa limebadilika rangi kabla ya Ijumaa ya pili. Tukakubaliana na mume wangu kuvunja ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya nyuma ili tupate jiko moja pana la ndani, lenye sinki, kaunta ya zege iliyobandikwa vigae, makabati yasiyo na nakshi na dirisha kubwa la kutazama uani. Uani tungebomoa jiko la bati, tukatandaza vitofali vya pevingi, tukapanda mchaichai na asumini kando ya ukuta, na mkungu ukabaki kuwa kivuli cha mabenchi mawili. Nilichotaka ni mahali pa kukaa baada ya kazi nikasikia upepo tu.

Mavyaa alisikiliza mpango wote akiwa amekaa juu ya mbuzi yake, akauliza jambo moja: "Na wenzangu watakaa wapi?" Kesho yake akaichukua mbuzi, kinu na jiko lake la mkaa, akavihamishia chumbani kwake. Tangu hapo hupikia mlangoni mwa chumba, na usiku huliingiza jiko ndani likiwa bado na makaa, jambo linalonikosesha usingizi, kwani mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Nikimsihi, hunijibu kwa upole kwamba hataki kuuchafua ua wangu. Ua wangu, Mshauri! Neno hilo limenichoma kuliko tusi. Mume wangu husema hayo ni mambo ya wanawake, kisha huenda zake barazani.

Nimewaza kumjengea jiko dogo la mkaa lenye dohani, na hapo ndipo ninapokwama. Ua wenyewe ni mita 8 kwa 6, karo la choo liko karibu katikati, na mfuniko wake lazima ufikike gari la kunyonya likija. Kona ya mashariki ingefaa, lakini fundi amekwisha kutoboa ukuta hapo ili mtungi wa gesi wa kilo 15 ukae nje. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini, nami siwezi kukubali makaa yawake hatua tatu kutoka hapo. Kona ya magharibi imepakana na dirisha la jirani, na kaskazi ikivuma, kama inavyovuma sasa, moshi wote utamwendea yeye.

Ukuta ule wa kati ya vyumba viwili nao una kesi yake. Fundi wa kwanza alitaka kuuangusha kwa siku moja. Wa pili alibandua plasta akatuonyesha kwamba ndani ni miti na udongo, na kwamba paa limeuegemea, kwa hiyo usiguswe kabla ya kusimamisha nguzo mbili za zege na kumwaga lenta. Kazi hiyo imeongeza shilingi milioni 3 juu ya bajeti ya milioni 14, huku masika yakikaribia na mlango wa nyuma umezibwa kwa turubai.

Naomba unishauri: je, tuuache ukuta, niridhike na jiko la chumba kimoja, na milioni 3 hizo zihamishe mtungi, zimjengee mavyaa jiko la kona ya mashariki, na badala ya mabenchi tujenge baraza la saruji kuuzunguka mkungu, penye nafasi ya mkeka na wenziwe? Moyo wangu umeelekea huko, ila nachelea asije akaona analipwa fidia. Na katika kumfikishia hilo, nimtume wifi yangu mkubwa, ambaye mama humsikiliza, au niende mwenyewe nikakae naye mlangoni pake, nimkunie nazi kwanza?

Wako,
Mke wa Ngamiani, Tanga