Barua ya wazi kwa shangazi anayelazwa wiki ijayo

Shikamoo shangazi,

Nimesikia umepangiwa tarehe ya kutolewa mayoma, ule uvimbe wa kwenye kizazi, na kwamba utatoka Makete kwenda kulazwa Mbeya. Kisu sikihofii sana. Nahofia lile jibu lako la "namshukuru Mungu, sijambo".

Daktari wa raundi ana vitanda vingi na dakika chache. Akikuuliza "mama, unaendeleaje?" ukamjibu hivyo, kwenye faili inaandikwa "anaendelea vizuri", hata kama mshono umekuchoma usiku kucha. Na zamu inayofuata inaanzia kwenye faili hilo hilo. Mpe habari zenye saa: "Tangu saa nane usiku kidonda kinauma kuliko jana, nimetapika mara mbili, na mkojo sijapata." Hapo hujamkosea mtu adabu, na daktari atafunua bandeji atazame.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, uliza: wanatoa mayoma tu au na kizazi? Ni nusu kaputi au sindano ya mgongo? Wakigundua jambo jingine humo ndani wakiwa wameshafungua, umewaruhusu wafanye nini? Kama hujaelewa, kalamu iweke chini kwanza. Omba arudie, au atafutwe nesi anayejua Kikinga akufafanulie.

Halafu ile dawa iliyokutoa vipele. Usiseme "vidonge vya rangi mbili", maana vya rangi mbili viko chungu nzima. Nenda na pakiti yake au jina lililoandikwa. Amoksilini, Ampiclox na Augmentin zote ni za ukoo wa penisilini. Iliyokudhuru mojawapo, mwambie kila anayekuja na sindano, hata kama imeshaandikwa.

Jina nalo lina mambo yake. Akina Sanga wodini hawakosi kuwa wawili. Mtu akikuuliza "wewe ndiye Sanga?" usiitikie tu, taja mwenyewe majina yako matatu kabla ya dawa, kipimo au damu.

Damu ndiyo naisisitiza kuliko yote. Mfuko ukaguliwe jina na kundi hapo kitandani kwako, kisha dakika 15 za mwanzo uwe macho. Ukitetemeka kwa baridi, kifua kikabana, kiuno kikauma au mwili ukawasha, ita nesi saa hiyo hiyo aisimamishe. Najua Makete baridi mmeizoea, lakini hiyo si ya kuvuta blanketi. Dripu ikivimbisha mkono, mwite pia, wala usiguse kile kigurudumu cha kupunguza na kuongeza.

Ukisema usisikilizwe, panda ngazi: nesi wa zamu, muuguzi mfawidhi wa wodi, daktari wa zamu, kisha mganga mfawidhi wa hospitali. Binti yako anaweza kukusemea. Mwambie aandike tarehe, saa, wodi, jina la dawa na alichojibiwa, na risiti azitunze. Sanduku la maoni litawafaa wagonjwa wa mwezi ujao. La usiku huu haliwezi. Akitokea mtu wa kudai "ya soda" ndipo uhudumiwe, namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, na kupiga ni bure.