Mjusi wangu hafumbui jicho la kulia: nikubali sindano ya vitamini A?

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu zangu. Nakuandikia kuhusu mjusi wangu, geko chui wa kike mwenye umri wa miaka 4, ambaye hii ni wiki ya tatu hafumbui jicho la kulia, na kila ninayemwuliza ananipa jibu linalopingana na la mwenzake.

Kwa wasomaji wasiomfahamu, huyu si kama mjusi kafiri wa ukutani, ambaye hana kope za kufumba na jicho lake limefunikwa na utando angavu tu. Geko chui ana kope zinazofumba na kufumbua kama zetu, na balaa huanzia hapo, kwa kuwa anapojivua ngozi, vipande vyake huweza kunasa chini ya kope na kukaa humo kama kibanzi.

Ndivyo ilivyomtokea wangu. Alipojivua mara ya mwisho niliona vidole viwili vya mguu wa mbele vimebaki na ngozi kuukuu. Nikavilowesha katika maji ya uvuguvugu, nikaitoa, nikadhani kazi imekwisha. Macho sikuyatazama. Siku ya tatu jicho likafumba. Nililidondoshea salaini, yale maji ya chumvi yasiyo na vijidudu yanayouzwa katika maduka ya dawa, na baada ya siku mbili kikatoka kipande cheupe, chembamba kama ganda la kitunguu, kilichokuwa kimejikunja chini ya kope. Jicho lilikaa wazi siku nne, kisha likafumba tena, na safari hii kope imevimba na pembeni pamejitokeza kitu kigumu chenye rangi ya maziwa. Najua kwamba usaha wa reptilia kwa kawaida hauwi majimaji kama wetu, bali huganda, kwa hiyo nimejizuia kuukwangua ingawa mkono unaniwasha.

Makosa ya malezi nayakiri. Kijumba chake cha kujifichia chenye unyevu nilikuwa nimekiacha kikauke kwa wiki kadhaa, nikiamini kwamba mnyama ambaye asili yake ni nchi kavu za Afghanistan na Pakistan hana haja na maji mengi, bila kufikiri kwamba hata huko mchana hujificha mashimoni na chini ya mawe, ambako hewa haikauki kama ya nje. Sasa nakilowesha kila siku. Mchanga pia nimeuondoa na kutandika karatasi. Upande wa joto wa kasha una nyuzi 32, ule wa baridi 25, na taa ya mionzi ya urujuanimno sijawahi kumwekea, kwa hiyo sidhani kwamba ameungua macho.

Daktari wa kwanza alitazama kwa dakika chache, akanipa matone yenye kiuavijasumu pamoja na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Nyumbani nikasoma kikaratasi kilichokuwa ndani ya boksi, nikaona onyo kuhusu jicho lenye kidonda, na kwa kuwa konea yake, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, haikuwa imepimwa kwa ile rangi inayoonyesha vidonda, niliacha baada ya siku mbili. Wa pili anasema chanzo ni upungufu wa vitamini A, anataka kumchoma sindano. Nilikwenda kuisoma chupa ya unga ninaowanyunyizia nyenje wake: mbele imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina vitamini A, lakini nyuma kilichotajwa ni beta-karotini peke yake, ambayo mwili hulazimika kuigeuza kuwa vitamini A, bila retino, yaani vitamini A yenyewe, nami nimesikia kwamba si reptilia wote wanaoweza kuigeuza vya kutosha. Huenda basi daktari huyu ana hoja. Hata hivyo vitamini hii ikizidi ni sumu, na sindano ikiingia haitoki.

Wakati huohuo mjusi anakonda. Alikuwa na gramu 62, sasa ana 54, na mkia umeanza kusinyaa. Njaa anayo: humlenga nyenje, akaruka, akauma karatasi pembeni mwake. Ninapomshikia nyenje kwa kibano upande wa jicho la kushoto, hula wawili au watatu.

Naomba unisaidie kwa haya. Je, sindano inafaa kabla konea haijapimwa, au ni salama zaidi kuanza na unga wenye retino kwa kiasi kidogo? Ule usaha mgumu hutolewa vipi, na ni lazima apewe dawa ya usingizi? Na je, niendelee kumshika kila siku kumwosha jicho, ilhali kila nikimshika hutikisa mkia kwa namna inayonifanya nihofu kwamba ataukata, na akiba yake yote ya mafuta imo humo?

Sindano imepangwa Jumatatu ijayo, nami nimeomba siku chache za kufikiri.

Natanguliza shukrani,

Msomaji wako