Sonona ya vijana wetu si uvivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sonona kwa vijana, ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, ambao huku Mbeya wengi wetu bado tunauita uvivu, kiburi au kurogwa. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa mwishoni mwa Juni. Watoto walirudi madarasani, lakini si wote waliorudi wakiwa wazima moyoni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hilo sonona na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana waliathirika zaidi.

Mpwa wangu, ninayeishi naye hapa Uyole, alifiwa kipindi kile na bibi aliyemlea. Yeye aliyekuwa wa kwanza kuamka kuwasha jiko la mkaa akawa analala na sweta la shule hadi jua linapanda, kande anazozipenda zinapoa kwenye sahani, na daftari la hisabati halina hata tarehe. Nilimkaripia, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, ikaandamana na kukosa usingizi, hamu ya kula na matumaini, mtoto apelekwe hospitali, kwa kuwa sonona inatibika. Naziomba halmashauri zetu ziwape walimu wa ushauri nasaha mafunzo na chumba cha faragha, kwani hakuna mtoto atakayeeleza yaliyo moyoni mwake mlangoni pa ofisi ya walimu huku wenzake wakipita.

Mlezi,
Uyole, Mbeya