Mbao 46 zimeenda wapi? Maelezo kwa wateja wangu wa deki

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbezi Juu alinipigia saa moja asubuhi, shikamoo yangu hata hakuiitikia vizuri, akaniambia, "Fundi, umekula mbao zangu 10." Usiku alikuwa amekaa na mwanae anayesoma chuo wakapiga hesabu ya deki, ile sakafu ya mbao ya nje, niliyomjengea nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20, wakachukua mbao ya inchi 1 kwa 6 ya urefu wa futi 12 wakaona 36 zinatosha kabisa, na risiti inasema 46. Hesabu ya kijana kwenye karatasi haina kosa. Simu yenyewe haikunikasirisha, kilichoniuma ni kwamba huyu ni mteja wa nne au wa tano mwaka huu ananiuliza hivyohivyo, na najua wapo wasiouliza, wanakaa nalo moyoni halafu wanaenda kusema huko kwamba yule fundi mwizi. Kwa hiyo leo naandika yote, ukija kwangu au ukienda kwa fundi mwingine ujue unalipia nini.

Tuanze na hizo mbao 10. Mbao ya 1 kwa 6 ikitoka kwenye msumeno ina inchi 6 kweli, ila ikishapita kwenye randa inabaki kama sentimita 14, na huwezi kulaza deki mbao haijarandwa, watoto watachomwa na vibanzi miguuni. Halafu kati ya mbao na mbao naacha uwazi wa milimita 5 maji ya mvua yashuke. Kipimo changu ni msumari wa inchi 4, nauchomeka katikati ya mbao mbili, nabana, napiga skrubu, nauchomoa, nahamia mbele, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo kila mstari unachukua sentimita 14 na nusu, na upana wa mita 4 unakupa mistari 28. Mbao ya futi 12 ina mita 3.66, mstari una mita 5, maana yake kila mstari unataka mbao moja nzima na kipande cha mita 1.4. Nzima yenyewe naikata iwe 3.6 kwa sababu kiungo lazima kikae juu ya mbao ya kubeba, hakiwezi kuning'inia hewani. Mbao moja inatoa vipande viwili vya mita 1.4, kinabaki kipande cha sentimita 80 na kitu ambacho hakina kazi. Nzima 28, za kukata vipande 14, jumla 42. Ngazi mbili za kushukia bustanini mbao 2, kufunika uso wa mbele mbao 2. Ndio 46 hizo. Zilizokuja zimepinda nilizirudisha yadi mwenyewe kwa kirikuu yangu, hakulipia hata moja.

Nikamwambia mama, naomba nije tuhesabu wote. Vile vipande vya sentimita 80 vilikuwa vimepangwa nyuma ya banda la kuku kwake, nilimwachia kwa sababu ni mali yake, amevinunua. Tukavihesabu yeye, mimi na kijana, 14. Akanyamaza kidogo, akasema basi karibu chai.

Lakini kitu ambacho kwa kweli kiliniuma ni kingine. Kabla hatujaanza nilimwambia mama, tusifanye 4 kwa 5, tufanye 3.6 kwa 5.4. Eneo ni karibu lilelile, 19 na ushee kwa 20, lakini 5.4 ni mbao moja na nusu kamili, hakuna kipande cha kutupa, na upana wa 3.6 unakupa mistari 25, mbao 38 kazi imeisha badala ya 42. Na huko chini ndio kuna pesa zaidi, maana mbao za kubeba za 2 kwa 6 nazo zinauzwa futi 12, ukiwa na upana wa 3.6 kila moja inalala nzima, ukizidisha tu mpaka mita 4 kila moja inabidi iungwe, na kiungo kinataka mhimili chini yake, na mhimili unataka nguzo, na nguzo inataka zege. Sentimita 40 hizo. Alikataa kwa sababu jirani yake ana ya 4 kwa 5. Sawa, ni nyumba yake, lakini ndugu zangu, kabla hujampa fundi kipimo cha kichwani muulize kwanza mbao zinauzwa urefu gani.

Sasa nije kwenye lile neno ambalo nikilisikia najua kabisa tutagombana mbele ya safari. "Fundi nipe bei ya ufundi tu, material nitanunua mwenyewe."

Naelewa linatoka wapi. Watu wameumizwa, fundi kachukua hela ya simenti kaenda kulipa ada ya mtoto, site imelala miezi mitatu simu haipokelewi. Mimi mwenyewe nimeitwa kumalizia kazi za hivyo nyingi tu. Lakini kununua mbao bila kujua mbao, hapo hujamkomoa fundi. Kuna baba mmoja Goba alifanya hivyo, akapata msonobari wa Mafinga kwa bei nzuri sana, wa kutiwa dawa, ukijani umekolea, akafurahi akaniletea mpaka site. Nikanyanyua moja, nzito kama imelowekwa. Nikapiga msumari mmoja wa majaribio, maji yakachuruzika pembeni ya kichwa cha msumari, yakafanya povu dogo. Nikamwonyesha, nikamwambia baba hizi tuzipange kivulini kwa vijiti, kila safu na vijiti vyake hewa ipite, tuzipe wiki 4 mpaka 6 ndio tuzilaze. Akasema ana wageni wa send-off Jumamosi ya wiki inayofuata, na mafundi wengine wapo. Nikazilaza, na hilo ni kosa langu, nilipaswa kuondoka. Mbao mbichi ya sentimita 14 ikikauka inaweza kupungua milimita 6 hivi upana, kwa hiyo ule uwazi wa msumari ukawa kidole kizima kinapita, na nyingine zikakunja kingo juu kama mtaro maji yanalala katikati. Tumezing'oa karibu nusu. Alichookoa yadi kilikwisha na juu yake akaongeza. Tangu siku hiyo mbao mbichi silazi, hata uwe na send-off ya nani.

Na hiyo dawa yenyewe, usinunue rangi. Mbao iliyotiwa dawa kwa presha, ukiikata katikati unaona ukijani umeingia ndani kwenye ile sehemu ya nje ya mti, kuna nyingine nimewahi kukata ndani nyeupe pee, juu imepakwa tu. Omba wakukatie kipande palepale yadi, akikataa hama. Na hata ikiwa ya dawa kweli, kila unapokata umefungua mlango, ile ncha ilipokatwa inatakiwa kupakwa dawa tena kwa brashi. Vijana wangu wanajua, nikikuta ncha haijapakwa tunafungua. Mteja haoni hiyo kazi kwa sababu iko chini, na ndio kazi ninayojivunia kuliko hata ile ya juu inayopigwa picha.

Wapo wanaotaka mbao ngumu, mninga, mkongo, mtiki, na mimi nazipenda, mninga hasa haupindi ovyo. Lakini angalia usiuziwe ile nyeupe ya pembeni ya gogo, mchwa haulizi kama mti ulikuwa mninga, anakula nyeupe yote anauacha moyo umesimama. Na mbao za porini zidai ziwe na alama ya nyundo, ule muhuri unaogongwa kwenye mbao, na kibali cha kusafirishia cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, usije ukafuatwa nyumbani kwa mbao za magendo.

Nguzo. Hapa naomba unisikilize sana. Njia ya mkato inayopendwa Dar nzima ni kuchimba shimo, kupaka nguzo oili chafu ya gereji, kuisimamisha na kushindilia udongo. Inasimama vizuri, hata pimamaji inakubali. Kuna deki moja Kigamboni, ilijengwa na fundi mwingine simtaji, niliitwa baada ya masika ya pili kwa sababu ngazi "inacheza". Nikaingia chini na tochi, nguzo kwa nje nyeusi zinang'aa oili, nikagonga na nyundo ikaita kama debe, nikasukuma bisibisi ikazama yote mpaka kwenye mpini. Mchwa walipita chini ya usawa wa ardhi, walipanda kwa ndani, nje hawajagusa. Watu 12 walikuwa wamekaa hapo juu siku ya Idi.

Mimi nachimba, namwaga kitako cha zege 1:2:4, simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, kinatokeza juu ya ardhi, nafunga kiatu cha chuma kilichopakwa zinki, nguzo inakaa humo haigusi udongo. Mchwa akitaka kupanda itabidi ajenge njia yake ya udongo nje ya zege, na ile unaiona, unaifuta, unaita mtu. Skrubu na bolti zangu za zinki pia, na karibu na bahari natumia za stenlesi. Hizo ndizo wateja wanazikata kwanza kwenye kotesheni. "Fundi msumari ni msumari." Msumari wa kawaida kwenye mbao ya dawa na hewa ya chumvi ya Kigamboni au Msasani unaanza kutoa machozi ya kutu mwaka wa kwanza, baadaye kichwa kinakatika mbao inanyanyuka.

Mengine kwa haraka. Usijenge juu ya chemba, na kama haikwepeki niambie mapema niweke mfuniko wa mbao unaofunguka, maana nimewahi kukata deki ya mtu yenye miezi 5 kwa sababu gari la maji taka limekuja na chemba haijulikani iko wapi. Usitake deki iwe sawasawa na sakafu ya sebule, shuka angalau sentimita 5, mvua ya masika ya upepo itaingia mpaka kwenye zulia. Na chini iachwe hewa.

Bei yangu. Ndiyo, kuna fundi atakufanyia kwa nusu. Kwangu ufundi ni mimi na vijana wawili, siku ya kupima na kamba, siku ya mashimo, siku za kusubiri zege likomae ambazo huwa naambiwa "mbona leo hamjafanya kitu", kuranda, kupaka dawa ncha, kulaza, msasa, mafuta mikono miwili. Naandika kotesheni kila kitu kivyake, idadi ya mbao, idadi ya skrubu, mifuko ya simenti, na ukitaka twende yadi pamoja, pesa unamlipa muuzaji wewe mwenyewe na risiti ya EFD inatoka kwa jina lako, mimi nachagua tu, naangalia moja moja kwa jicho kuanzia kwenye ncha kama imenyooka. Hapo hakuna atakayesema nimekula mbao. Ufundi nachukua kwa awamu, ya kwanza nikianza mashimo, ya pili fremu ya chini ikisimama na wewe umeingia chini ukaiona kabla sijafunika, ya mwisho ukishatembea juu yake. Fundi anayetaka yote mwanzo usimpe, hata akiwa mimi.

Na kabla hujamchukua yeyote mwombe akupeleke kwenye kazi yake iliyopita masika matatu. Za mwezi uliopita zote nzuri.

Kwa wanaotaka kazi kabla ya masika, nitumieni urefu na upana wa sehemu, picha ya nyuma ya nyumba ikiwezekana mvua ikiwa imetoka kunyesha nione maji yanasimama wapi, na picha ya chemba zilipo. Yule mama wa Mbezi Juu ameshaniagiza uzio wa pembeni wa hiyo deki, na vile vipande 14 vya sentimita 80 ndio vinakuwa vijiti vya kusimama vya huo uzio, urefu wake unatosha kabisa.