Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: mafuta yapimwe Kabaale, Uganda, kabla hayajatufikia Chongoleani, Tanga

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Dodoma.

YAH: UBORA WA MAFUTA GHAFI YA BOMBA LA HOIMA–TANGA

Mheshimiwa,

Kuhusu bomba hili yamezungumzwa mengi: fidia, ajira, kilomita 1,443. Sisi wa kazi za maabara na maghala ya mafuta tunakuandikia juu ya kitakachopita ndani yake, na juu ya nani atakipima.

Mafuta ya Ziwa Albert yana salfa kidogo, sifa inayopendwa sokoni. Taabu yake ni nta. Yakipoa hadi karibu nyuzi 40 za Selsiasi huganda, ndiyo maana bomba limevikwa povu la kuzuia joto lisitoke na kuwekewa nyaya za umeme, ili mafuta yabaki juu ya nyuzi 50 safari nzima. Hata yakiwa bado yanatiririka, nta hujijenga kwenye kuta za bomba, hivyo lazima pigi ya kukwangua (chombo kinachosukumwa ndani ya bomba) ipitishwe kwa ratiba. Ratiba ikilegea, njia inabana na pampu zinalemewa. Siku pigi ikipitishwa baada ya kuchelewa, husukuma mbele yake rundo la nta linaloziba vichujio.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Nta ya kisimani huondolewa upesi kwa viyeyusho, na baadhi ya vile vyenye nguvu vina klorini. Aprili 2019 mafuta ya Urusi yaliyokuwa kwenye bomba la Druzhba yalikutwa na misombo ya klorini zaidi ya sehemu 150 kwa milioni, wakati kikomo ni 10. Mafuta kama hayo yakipashwa moto kiwandani, klorini hiyo hugeuka asidi ya hidrokloriki inayokula chuma. Kiwanda cha Mozyr, Belarus, kiliharibikiwa mitambo, na mtiririko kwenda Poland na Ujerumani ukakatika kwa wiki kadhaa. Bomba lile lilikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 50. Letu ni jipya.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Bomba la inchi 24 lenye urefu wa kilomita 1,443 humeza takriban mapipa milioni 2.5. Kwa mapipa 216,000 kwa siku, mafuta yatakwenda kilomita 5 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, na yatafika Tanga baada ya siku 11 hadi 12. Kwa hiyo klorini ikigunduliwa kwa mara ya kwanza Chongoleani, bomba linapoishia, mapipa milioni mbili na nusu yatakuwa tayari yako njiani, na matangi yetu manne, ya mapipa 500,000 kila moja, hayatoshi kuyatenga hata yakiwa matupu. Kusimamisha bomba huku vikao vikiendelea nako kuna hatari yake: mafuta yaliyosimama hutegemea umeme ili yasigande.

Ndiyo maana tunaomba kipimo cha kukataa au kukubali kifanyike Kabaale, bomba linapoanzia, mkondo wa visima vya Tilenga peke yake na wa visima vya Kingfisher peke yake. Mikondo ikishachanganywa, hakuna atakayekubali kwamba uchafu ni wake. Klorini ipimwe kwenye nafta (sehemu nyepesi ya mafuta) iliyokenekwa kutoka kwenye sampuli, na viyeyusho vya klorini vipigwe marufuku kwenye mikataba, visiachwe kwa hiari ya mkandarasi.

Huku Tanga hila iko kwenye sampuli. Chupa ikipoa, nta hushika kuta zake. Fundi akimimina kilicho chepesi tu, maabara itatoa jibu la mafuta mengine kabisa. Ipashwe ikiwa imefungwa, itikiswe, ndipo igawanywe. Ikipashwa wazi, gesi nyepesi hutoroka. Kipimajoto nacho si cha kudharau: kosa la nyuzi 1 kwenye tangi lililojaa ni kama mapipa 400, na maji ya asilimia 0.5 ni mapipa 2,500. Tozo ya kupitisha mafuta hulipwa kwa pipa, na TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, ina hisa asilimia 15 za bomba. Wakala wa Vipimo wawe na vifaa vyao wenyewe na wafanyakazi waliofunzwa mafuta ya nta. Kusaini karatasi ya mwendeshaji si kupima.

Kuna pia suala la meli. Matangi manne yakiwa matupu yana nafasi ya siku 9 tu. Yakiwa nusu, meli iliyochelewa siku 5 inatosha kulazimisha mtiririko upunguzwe, na mafuta yanayokwenda polepole hupoa zaidi na kuacha nta zaidi. (Kenya walipopeleka mafuta ya Lokichar, Turkana, hadi Changamwe, Mombasa, kwa malori, nta ilikuwa ndiyo shughuli yenyewe, na kiasi kile kilikuwa kidogo sana kulinganisha na hiki.)

Tunaomba basi Wizara itangaze, kabla ya meli ya kwanza kupakia: uchambuzi kamili wa mafuta ya kila mkondo, vikomo vya maji, chumvi na klorini, na saa ambazo bomba linaweza kukaa bila umeme wa kulipasha kabla halijashindwa kuwashwa upya. Hiyo ya mwisho TANESCO nao waijue kwa maandishi, kituo kwa kituo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wapimaji na mafundi wa maghala ya mafuta, Tanga